PedsQL, PAQLQ, C-ACT au EQ-5D-Y: dodoso lipi kwa mtoto mwenye ugonjwa sugu wa mapafu?

Mtoto wa miaka 9 kakaa mbele yangu, miguu haifiki chini, mama yake pembeni kashika bahasha ya eksirei. Nikamsomea swali la kwanza kama lilivyokuwa kwenye karatasi tuliyopewa, kwamba je huwa anapata shida kutembea zaidi ya bloku moja. Akaniangalia, akamwangalia mama yake, alafu akauliza taratibu, "Lile tofali la bloku?" Tukacheka wote watatu, ila jioni nikiwa kwenye daladala nikaanza kuwaza, hivi wale watoto wengine ambao hawakuuliza, waliojibu tu "hapana", walikuwa wanajibu nini?

Ndo maana naandika hii. Kila mara kuna mtu ananitumia meseji, mara nesi wa kliniki ya pumu, mara mwanafunzi anayeandika tasnifu, mara daktari aliyeambiwa na wafadhili "mpime na ubora wa maisha", na swali ni lile lile: nitumie dodoso lipi? Na wengi wanachukua la kwanza waliloliona kwenye intaneti. Sasa hapa nitayaweka manne pembeni kwa pembeni, yale yanayotajwa sana kwa watoto wenye matatizo ya kifua ya muda mrefu. Simtafutii mtu mshindi, maana kila moja lilitengenezwa kwa kazi yake, na ukilipeleka kwenye kazi isiyo yake litakupa namba nzuri tu isiyo na maana.

Kwanza, kwa nini kupima kabisa

Kuna watu wanasema si tuna spirometa, mtoto anapuliza, tunaona hewa anayotoa kwenye sekunde 1 ya kwanza, yanini kumsumbua na maswali. Spirometa naipenda, lakini inapima mapafu, haipimi siku ya mtoto. Watoto wawili wanaweza kupuliza namba ile ile, mmoja anaenda shule kila siku, mwingine analala amekaa na shule anaenda siku mbili kwa wiki.

Mfano mzuri ni utafiti wa BREATHE uliofanyika Harare na Blantyre, matokeo yakatoka mwaka 2020. Watoto na vijana 347 wa miaka 6 mpaka 19 wenye VVU na ugonjwa sugu wa mapafu, nusu wakapewa azithromaisini mara moja kwa wiki kwa wiki 48, nusu dawa isiyo na kitu ndani. Kipimo kikuu kilikuwa ni hiyo hewa ya sekunde 1. Ikaonekana haina tofauti ya maana. Ila wale wa dawa walizidiwa mara chache zaidi, yaani zile siku mbaya za kukohoa na kubanwa zilipungua. Ungeangalia spirometa peke yake ungesema dawa haijafanya kitu, wakati mzazi aliyelala usingizi miezi hiyo angekuwa na ya kusema.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni ugonjwa. Hapa kwetu "mtoto wa kifua" anaweza kuwa na pumu, anaweza kuwa aliugua TB ikapona lakini mapafu yakabaki na makovu, anaweza kuwa na VVU, anaweza kuwa na njia za hewa zilizotanuka zinazotunza makohozi, au selimundu iliyogusa mapafu. Dodoso la pumu haliwafai hawa wote hata kama wote wanakohoa.

Cha pili ni nani anajibu, mtoto au mzazi, na kwa umri gani. Hiki kina mambo mengi nitakirudia hapo chini kidogo.

Cha tatu, linauliza kuhusu kipindi gani: leo, wiki iliyopita, au mwezi. Cha nne, alama zinahesabiwaje na mabadiliko kiasi gani ni mabadiliko kweli na sio kelele tu. Cha tano, kazi ya kulifanya likae kwenye Kiswahili cha mtoto. Cha sita ni muda na ruhusa, maana madodoso haya yote yana wenyewe, huwezi kuokota PDF ukaprinti ukasambaza, siku ya kuchapisha utaulizwa barua ya ruhusa iko wapi.

Hilo la nani anajibu

Mzazi na mtoto hawaoni kitu kimoja. Kwenye mambo yanayoonekana, kama kutembea, kupanda ngazi, kukohoa, majibu yao yanakaribiana. Kwenye hofu, huzuni, kutaniwa na wenzake, yanaachana, na mara nyingi mzazi wa mtoto mgonjwa anayaona maisha ya mwanae kuwa mabaya kuliko mtoto mwenyewe anavyosema. Hakuna anayedanganya hapo. Mama anahesabu usiku aliokesha, mtoto anahesabu mechi aliyocheza.

Alafu kuna mtego wa pili. Mtoto akibanwa kila akikimbia, anaacha kukimbia. Anakuwa golikipa, baadaye anakuwa refa, baadaye anakuwa yule anayeshika ndala na mashati ya wenzake pembeni ya uwanja. Ukimuuliza "unapata shida ukicheza?" anakujibu hapana, na ni kweli kabisa, hachezi. Madodoso mengine yananaswa hapo, mengine yanajitahidi kukwepa, nitakwambia lipi.

Na wa tatu ni wetu sisi Waswahili. Sisi ukiulizwa hujambo unajibu sijambo, hata kama una homa, alafu ndo unaongeza "ila kifua kidogo". Mtoto kafundishwa hivyo tangu anaanza kuongea. Kwahiyo ukimaliza tu kuitikia shikamoo yake ukamuuliza unajisikiaje leo, jibu utakalopata ni salamu. Mimi siku hizi naanza na stori ya shule, na jina la timu yake, ndo naingia kwenye maswali. Na mama namwomba kwa heshima akae nje kidogo au ajaze fomu yake kule mwisho wa benchi, maana akiwepo atajibu yeye, na asipojibu mtoto atamwangalia usoni kabla ya kila jibu.

Haya, tuingie kwenye yenyewe.

PedsQL

Ugonjwa: wowote. Ni dodoso la jumla, kazi ya James Varni wa Marekani na wenzake, toleo la 4.0 ndo linalotumika sana tangu mwaka 2001. Halitaji pumu wala kifua popote, na hapo ndo nguvu yake na udhaifu wake.

Nani anajibu: mtoto kuanzia miaka 5 mpaka 18, kwa fomu tatu za umri (5 mpaka 7, 8 mpaka 12, 13 mpaka 18), na mzazi ana fomu zake kuanzia mtoto wa miaka 2. Kwa kifupi hakuna lingine kati ya haya manne linaloshuka mpaka mtoto mdogo hivyo. Wale wa miaka 5 mpaka 7 wanasomewa na wanachagua kwenye nyuso tatu, ya kucheka, ya katikati na ya kununa.

Linauliza nini: maswali 23, ya mwili 8, ya hisia 5, ya kuishi na wenzake 5, ya shule 5. Fomu ya mzazi wa mtoto wa miaka 2 mpaka 4 ina 21, maana ya shule yamepunguzwa. Kipindi ni mwezi 1 uliopita, japo kuna la siku 7.

Alama: jibu ni 0 mpaka 4, kisha unaligeuza, 0 inakuwa 100, 1 inakuwa 75, 2 inakuwa 50, 3 inakuwa 25, 4 inakuwa 0. Unachukua wastani. Tuseme kwenye maswali 8 ya mwili mtoto kajibu 0, 1, 3, 3, 0, 1, 2, 2. Zikigeuzwa ni 100, 75, 25, 25, 100, 75, 50, 50, jumla 500, gawa kwa 8 unapata 62.5. Kubwa ni nzuri. Kama zaidi ya nusu ya maswali ya eneo moja hayajajibiwa, eneo hilo usilihesabu. Na kwa alama ya jumla, Varni na wenzake waliweka kama pointi 4.4 kwa jibu la mtoto na 4.5 kwa la mzazi kuwa ndo tofauti ndogo yenye maana. Ikipanda pointi 2 usiite watu kushangilia.

Lugha: ndo hilo la bloku. Kwenye asili ni mtaa mmoja wa mjini Marekani, kama mita 100 hivi. Mtoto wa Kigogo au wa Kisarawe hana huo mtaa, ana "mpaka kwa mangi" au "mpaka kisimani". Sasa usibadilishe mwenyewe pale kwenye chumba, omba tafsiri iliyopo kwa wenye dodoso, na kama unatengeneza mpya fuata njia yake: wawili wanatafsiri kila mtu kivyake, mnapatanisha, mwingine ambaye hajaona la awali anairudisha kwenye Kiingereza, alafu unawakalisha watoto wachache unawauliza "hapa umeelewa nini?" Hiyo hatua ya mwisho watu wanairuka kwa sababu ya bajeti, na ndo ingeokoa kila kitu. Jibu la "karibu kamwe" nalo ni balaa, hakuna mtoto anayeongea hivyo, mtoto anasema mara moja moja.

Muda na ruhusa: ukimsomea mtoto weka dakika 10 mpaka 15, akijaza mwenyewe ni chini ya hapo. Ruhusa inaombwa Mapi Research Trust ya Ufaransa, na masharti yanategemea kazi yako ina ufadhili au haina.

Angalizo moja ambalo sijaona likisemwa sana: maswali ya shule na likizo. Kuna mwaka tuliwahoji watoto wiki ya pili ya Januari, dodoso linauliza mwezi uliopita, na mwezi uliopita shule ilikuwa imefungwa. Watoto wote "hawajakosa shule". Alama za shule zikawa nzuri ajabu, mpaka aliyekuwa anaingiza data akauliza kama dawa imebadilishwa. Hakukuwa na dawa, ilikuwa likizo ya Desemba.

Linamfaa nani: anayechanganya magonjwa tofauti kwenye kliniki moja, anayetaka kulinganisha wenye kifua na watoto wazima, mwenye watoto wadogo. Halimfai sana anayetaka kuona mabadiliko madogo ya mwezi mmoja baada ya kubadilisha inhela, maana maswali mengi hayahusu pumzi. Kuna moduli ya pumu ya hawa hawa yenye maswali 28 unayoweza kuibandika pembeni, lakini hapo jumla inakuwa 51 na mtoto wa miaka 7 ukifika la 40 kashaanza kuhesabu feni.

PAQLQ

Ugonjwa: pumu tu. Hapa narudia kwa herufi kubwa akilini mwako, PUMU TU. Elizabeth Juniper na wenzake walilitoa mwaka 1996 kutoka Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na maswali yanamtaka mtoto afikirie pumu yake. Nimeshaona kazi moja ambapo watoto wote wa kliniki ya kifua walipewa hili, wakiwemo waliobaki na makovu ya TB. Mtoto anaulizwa pumu imekusumbua kiasi gani, anajibu haijanisumbua kabisa, kwa sababu hana pumu. Akatoka na alama 7 kati ya 7 huku anahema kama katoka kubeba maji.

Nani anajibu: mtoto mwenyewe, miaka 7 mpaka 17. Mzazi hana fomu ya kumjibia mtoto. Mzazi ana dodoso lake jingine, PACQLQ, maswali 13, na linauliza maisha ya mzazi: amelala vipi, kazi zake zimeharibika vipi, ana hofu gani. Watu wanachanganya haya mawili kila siku.

Linauliza nini: maswali 23 pia (usichanganye na yale 23 ya PedsQL, ni bahati tu), dalili 10, hisia 8, shughuli 5. Kipindi ni wiki 1. Na hapa kwenye shughuli ndo penyewe. Matatu kati ya hayo matano, mtoto anachagua shughuli zake. Unamuuliza ni mambo gani unayafanya ambayo pumu inakusumbua, anataja, unayaandika, na kila akirudi unamuuliza yale yale. Binti mmoja alinitajia kuruka kamba, kuchota maji, na kuimba kwaya. Kwaya! Hakuna mtu mzima kwenye ile timu yetu angewaza kwaya. Alikuwa anaishiwa pumzi katikati ya ubeti anafunga mdomo ili mwalimu asimwone. Kwa hiyo ule mtego wa yule anayeshika ndala, dodoso hili linaukwepa kidogo kuliko mengine, kwa sababu linaanzia kwa mtoto. Kuna toleo lingine ambalo shughuli zimeshapangwa tayari, ni rahisi kwa tafiti kubwa, ila unapoteza kwaya.

Alama: kila jibu ni 1 mpaka 7, 7 ni hakuna shida, unachukua wastani wa yote 23. Tofauti ya 0.5 ndo inahesabika kuwa mtoto ameihisi. Kwahiyo akitoka 4.3 akaja 4.9 kuna kitu kimetokea, akitoka 4.3 akaja 4.5 subiri kwanza.

Lugha: tatizo ni maneno ya dalili. Ule mlio wa kifua Kiswahili hakina neno moja lililokubalika, wengine wanasema kifua kinapiga filimbi, wengine kinalia, wengine kinakoroma, na "kubanwa" kwa mtoto mwingine ni haja ya chooni. Si Kiswahili peke yake kinahangaika hapa, ule utafiti wa kimataifa wa pumu wa ISAAC, ambao Nairobi na Eldoret walishiriki, ulitengeneza mpaka video ya mtu anayebanwa ili vijana wa miaka 13 na 14 waone badala ya kusoma neno. Pia ngazi saba ni nyingi, ndo maana mtoto anapewa kadi za rangi zenye majibu azishike mkononi. Usiziache ofisini.

Muda na ruhusa: mara ya kwanza ni kama robo saa au zaidi kwa sababu ya kuchagua shughuli, ziara zinazofuata ni haraka. Ruhusa unaomba kwa wenyewe.

Linamfaa nani: mwenye watoto wa pumu iliyothibitishwa, wa miaka 7 kwenda juu, anayetaka kuona kama matibabu mapya yamegusa maisha.

C-ACT

Tuwe wakweli, hili sio la ubora wa maisha, ni la kujua pumu imedhibitiwa au la. Nimeliweka kwa sababu kliniki nyingi zinalitumia kama ubora wa maisha, na kwa sababu kwa daktari mwenye foleni ya wagonjwa 60 huenda ndo pekee litakalofanyika kweli.

Ugonjwa: pumu tu. Nani anajibu: mtoto wa miaka 4 mpaka 11 pamoja na mzazi, kwenye karatasi moja. Kuanzia miaka 12 anahamia ACT yenye maswali 5 anajibu mwenyewe.

Linauliza nini: maswali 7. Mtoto anajibu 4 kwa kuchagua nyuso (pumu yako ikoje leo, ukikimbia au kucheza inakusumbua, unakohoa, unaamka usiku), mzazi anajibu 3 kuhusu siku ngapi ndani ya wiki 4 zilizopita dalili zilikuwepo. Shule hakuna. Marafiki hakuna. Hofu hakuna.

Alama: ya mtoto 0 mpaka 3 kila swali, ya mzazi 0 mpaka 5, jumla ni 27. Ikiwa 19 au chini, pumu haijadhibitiwa vizuri. Lugha: rahisi kuliko mengine, ila mzazi anayefanya kazi ya usiku hajui mtoto anaamka mara ngapi, muulize nani analala naye. Muda: dakika 3 mpaka 5.

Linamfaa nani: anayetaka kuamua leo hii dawa iongezwe, ipunguzwe, au mtoto afundishwe upya kuvuta inhela na spesa, ile chupa inayounganishwa na inhela (mara nyingi tatizo ni hapo tu). Faida yake nyingine, ni mtoto na mzazi kusikia majibu ya kila mmoja. Baba mmoja alisikia mwanae akisema anaamka usiku, akashtuka, "mbona huniamshi?" Mtoto akasema, "Unachoka baba."

EQ-5D-Y

Ugonjwa: wowote. Nani anajibu: mtoto wa miaka 8 mpaka 15, na kwa wa miaka 4 mpaka 7 mtu mzima anamjibia. Linatoka kundi la EuroQol lenye makao Rotterdam, toleo hili la watoto lilichapishwa mwaka 2010.

Linauliza nini: mambo matano tu, kutembea, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, shughuli za kawaida, maumivu au kutojisikia vizuri, na wasiwasi au huzuni. Kila moja ngazi tatu. Alafu kuna kipimo kama kipimajoto cha 0 mpaka 100 mtoto anaweka alama afya yake ikoje. Kipindi: LEO.

Na hiyo leo ndo kesi. Pumu inakuja na kuondoka. Mtoto anayeletwa kliniki ya Jumanne kwa miadi mara nyingi ni mtoto aliye vizuri Jumanne, mwenye hali mbaya yuko emejensi. Utapata 11111, yaani hakuna tatizo popote, mtoto baada ya mtoto. Ongeza na ile "sijambo" yetu niliyosema. Kwa mtoto wa makovu ya TB au wa mapafu yaliyoharibika kabisa, ambaye leo na jana ni sawa, linafanya kazi vizuri zaidi.

Alama: majibu matano yanatoa mchanganyiko 243, na kila mchanganyiko unaweza kupewa thamani moja, halafu wachumi wa afya wanahesabu miaka ya maisha yenye ubora na kusema dawa hii inalipa au hailipi. Hilo ndo limetengenezewa. Lakini zile thamani zimetokana na watu wa nchi kama Japani, Ujerumani na Hispania, kwahiyo ukizitumia kwa watoto wa Mbeya unaazima mizani ya jirani, andika wazi umeazima ya nani. Muda: dakika 2. Ruhusa: unajisajili kwenye tovuti yao, kwa kazi isiyo ya biashara kwa kawaida ni bure.

Linamfaa nani: anayetaka kuishawishi wizara au bima kwa hesabu ya gharama, au ana utafiti mkubwa na hana nafasi ya maswali mengi. Kwa ufuatiliaji wa mtoto mmoja mmoja mimi binafsi silipendi.

Mengine mawili nayataja haraka. PC-QOL ya Australia inamuuliza mzazi kuhusu kikohozi cha muda mrefu cha mtoto, ina maswali 27 na kuna fupi ya 8, na kwa watoto wa kikohozi cha makohozi kisichoisha zaidi ya wiki 4 inastahili kuangaliwa. CFQ-R ni ya ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi, na isipokuwa una hao wagonjwa usiiguse. Na tafadhali, yale madodoso ya watu wazima wa kifua, usiyapunguze lugha ukampa mtoto.

Kwahiyo wewe uko wapi?

Kliniki ya pumu yenye foleni, hakuna mtafiti, hakuna bajeti: C-ACT kila ziara, ACT kwa wakubwa, na ongeza swali lako moja la mdomo, "ni kitu gani ulikuwa unafanya umeacha?" Jibu liandike kwenye faili, halina alama lakini ziara ijayo utalihitaji.

Unajaribu tiba ya pumu na watoto wako wana miaka 7 kwenda juu: PAQLQ ibebe kazi kuu, C-ACT au ACT pembeni. Ukitaka na gharama, EQ-5D-Y dakika 2 haitaua mtu.

Kliniki mchanganyiko, pumu, VVU, baada ya TB, selimundu: PedsQL, fomu ya mtoto na ya mzazi zote, na uziripoti kila moja kivyake, usichukue wastani wa mama na mtoto kama vile ni bei ya nyanya.

Watoto chini ya miaka 5: kwa ubora wa maisha ni mzazi tu, PedsQL ya miaka 2 mpaka 4, na kama shida kubwa ni kikohozi basi PC-QOL. Na muulize bibi, kama bibi ndo anayekaa naye mchana.

Mwanafunzi mwenye miezi 6 ya tasnifu: chagua ambalo tafsiri yake ya Kiswahili unaweza kuipata kwa wenyewe na barua ya ruhusa mkononi, kabla hata hujaandika sura ya kwanza. Kutafsiri upya na kulijaribu kwa watoto ni tasnifu nyingine nzima.

Unapima mara mbili ili kulinganisha kabla na baada: chunga kalenda. Ukianza kipindi cha baridi cha Julai ukamalizia Oktoba, sehemu ya mabadiliko ni hali ya hewa. Epuka wiki za baada ya likizo ya Juni na ya Desemba kwa lolote lenye maswali ya shule, na hakikisha anayejibu mara ya pili ni yule yule wa mara ya kwanza, maana mara ya kwanza akija mama na mara ya pili akija shangazi aliyemleta tu kwa sababu mama yuko msibani, unalinganisha mama na shangazi.

Na kwa mwenye mtoto wa pumu aliyewahi pia kuugua TB, kesi niliyoulizwa juzi: PedsQL ndo ya kubaki nayo muda wote, C-ACT kwa upande wa pumu, na PAQLQ uiweke kando mpaka daktari wake awe na uhakika kule kuhema kunatokana na nini.